Kabla hujamtolea kijana mtaji, kaa naye kibandani

Haupiti mwezi bila mtu mzima kuja dukani kwangu na swali lilelile: "Bi mkubwa, mwanangu kaanza kabiashara kake, nimtolee shilingi ngapi?" Jibu langu huwaudhi wengi. Nawaambia, usimtolee kitu kwanza. Chukua kigoda, ukakae naye anapouzia.

Nina duka la jumla Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 22 huu. Mchele, unga, sukari, mafuta, mayai. Wateja wangu wengi ni vijana wa mitaji ya elfu 10, elfu 30, akizidi sana elfu 80: wa vitumbua, wa mihogo ya kukaanga, wa mayai ya kuchemsha kwenye ndoo, wa juisi ya ukwaju, wa kashata. Nimewaona wakianza na nimewaona wakiishiwa. Wawili watatu niliwamaliza mimi mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Wa kwanza alikuwa mpwa wangu. Alikuwa akikaanga chipsi pale daladala zinaposhusha watu, na vyombo vyake vyote, jiko, karai na meza moja, vilibebeka kwa safari moja ya guta. Mimi shangazi mtu nikaona aibu kumwona anakaa juani. Nikamjengea kibanda cha mbao na bati, shilingi 380,000. Sikumuuliza mwenyekiti wa mtaa, sikumuuliza mtendaji, sikuuliza hata kama pale ni hifadhi ya barabara. Mwaka wenyewe ulikuwa 2021. Oktoba ile wamachinga nchi nzima wakatakiwa kutoka barabarani kwenda maeneo waliyopangiwa, na kibanda chetu kikavunjwa hakijamaliza miezi miwili. Tukabaki na mabati yenye matundu ya misumari. Angekuwa bado na meza na jiko angeinuka akahamia kwingine jioni ileile. Tangu siku hiyo nina sharti: pesa ya kwanza unayomsaidia kijana iende kwenye kitu kinachobebeka.

Siku tatu za kukaa

Chagua siku tatu zisizofanana. Moja iwe siku ya kawaida katikati ya wiki, moja iwe mwisho wa mwezi watu wakiwa na mishahara, na ya tatu iwe siku mbaya: ya mvua, au ya jua kali barabara nyeupe. Nenda na kigoda chako, usichukue chake. Ukifika nunua kitu, ulipe bei kamili, ukae pembeni nyuma yake. Nasisitiza nyuma, kwa sababu mtu mzima akikaa mbele wateja wanaanza kumwamkia yeye, shikamoo nyingi, na kijana anageuka msaidizi kwenye biashara yake mwenyewe.

Siku hizo usishauri. Ni vigumu, najua, ulimi unawasha. Wewe hesabu tu. Mimi hubeba kopo na maharage mfukoni. Akija mteja akanunua, natupia harage moja. Mkono wa pili nina karatasi, naandika vitu vinavyoulizwa vikakosekana. Kwa binti mmoja wa vitumbua, asubuhi moja kuanzia saa 12 hadi saa 3, nilipata maharage 37, na kwenye karatasi watu 11 walikuwa wameuliza, "Chai ipo?" Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Masikio yake yalikuwa yameshazoea kujibu "hakuna" na kuendelea kugeuza vitumbua.

Angalia pia chenji. Vijana wengi hupoteza wateja wa alfajiri kwa kukosa chenji tu. Anakuja dereva wa bodaboda na noti ya elfu 10, kijana anaacha karai linaungua anakimbilia duka la jirani kuivunja. Msaada wa kwanza niliompa binti yule ulikuwa sarafu za elfu 5, za mia mbili na mia tano, kwenye kopo la maziwa, na sharti kwamba kopo lile kila usiku lirudi kuwa la elfu 5.

Hesabu ya vitumbua

Hapa ndipo penye kazi, na hapa sitaharakisha.

Nilimwuliza binti, "Mwanangu, kwa siku unapata faida gani?" Akajibu bila kusita, "Kama elfu saba na mia tano, Bi mkubwa." Nikamwambia tukae, tuandike vyote. Bei nitakazotaja ni za siku ile, zako zitakuwa tofauti.

Alikuwa analoweka mchele kilo 2 kwa shilingi 2,500 kila kilo, yaani 5,000. Nazi tatu, 3,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta nusu lita, 3,000. Jumla 12,500. Anapata vitumbua 100, anauza 200 kimoja, inakuja 20,000. Kutoa 12,500, hiyo ndiyo 7,500 yake. Hesabu imekaa sawa, hata mimi mara ya kwanza niliikubali.

Kisha nikaanza kuuliza kimoja kimoja. Hamira na iliki? "Aa, hivyo navichukua kwa mama." Mama naye anavinunua: 700. Mkaa? "Mkaa ni wa nyumbani." Kopo mbili kila siku, 2,000. Kusaga mashineni? 500. Karatasi za kufungia? 500. Tayari tumefika 16,200.

"Na vyote 100 vinauzwa?" Akacheka. Wadogo zake wanakula vinane kabla ya kwenda shule. Viwili vya kwanza vinaungua kila siku, karai likiwa halijashika moto vizuri. Viwili anampa mlinzi aliyemruhusu kuweka meza pale. Vinabaki 88. Mara 200, ni 17,600.

Toa 16,200. Inabaki 1,400.

Alinyamaza kitambo. Anaamka saa 9 usiku kwa ajili ya 1,400. Nami nikanyamaza, maana ukianza kumhurumia mtu hapo unaharibu. Wengine kwenye saa kama ile ndipo huingiza mkono mfukoni na kutoa elfu 50. Elfu 50 ile ingeongeza mchele, ikaongeza na mkaa wa mama, na kijana angechoka zaidi kwa faida ileile.

Tulichofanya ni viwili. Cha kwanza mchele. Kitumbua hakijui punje nzima wala punje iliyokatika, kwani vyote vinasagwa. Nikamhamishia kwenye chenga, 1,800 kwa kilo. Akaokoa 1,400 pale pale, faida ikawa mara mbili kabla hajauza kitumbua kimoja cha zaidi. Cha pili bei. Kupandisha kutoka 200 hadi 250 kuna tatizo la sarafu, hakuna mteja mwenye hamsini mfukoni. Basi akaandika kwenye boksi: VIWILI 500. Siku tatu za kwanza watu walinung'unika, mmoja akamwambia ameanza kuvimba kichwa. Siku ya nne wakazoea. Vitumbua 88 kwa 250 ni 22,000. Gharama sasa 14,800. Inabaki 7,200, karibu ileile elfu saba aliyodhani anaipata zamani.

Wadogo zake wanaendelea kula vinane. Sikuligusa hilo na wewe usiligusie. Nilichomwambia ni kwamba viandikwe.

Safu nne

Daftari la shule la kawaida linatosha. Chora safu nne: nilichouza, nilichonunua, wanaonidai na ninaowadai, na ya nne nilichochukua mimi. Safu ya nne ndiyo dawa. Ndani yake yanaingia yale yote yasiyokuwa ya biashara: bando, nauli ya kwenda harusini, mchango wa msiba, dawa ya mama, vile vitumbua vinane. Siyo kosa kuchukua. Biashara ni yake na tumbo ni lake. Lakini kijana asiyeiandika safu ile atakwambia siku moja, "Sijui hela imeenda wapi," na atakuwa hakudanganyi.

Usilikague daftari kila siku kama mwalimu. Mimi huwaambia waje nalo Jumapili jioni, duka likiwa limepoa, na mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

"Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Wiki hii imekwendaje?"

"Imekwenda vizuri tu."

"Vizuri ni shilingi ngapi?"

Mwezi wa kwanza anababaika. Mwezi wa pili anataja namba kabla sijauliza. Asiyejua kuandika vizuri, na wapo, mpe makopo matatu yenye rangi tofauti, moja la mtaji wa kesho, moja la kuchukua, moja la akiba. Nilikuwa na kijana wa mihogo ambaye kwa makopo hayo alikuwa sahihi kuliko wenzake wa madaftari.

Mali kauli

Ukiniuliza njia moja tu ya kumwinua kijana wa mtaji mdogo, nitakwambia mali kauli. Unampa mzigo, akiuza anakuletea pesa ya mzigo, faida inabaki yake. Hatoki na noti mkononi, kwa hiyo hakuna noti ya kuazimwa na rafiki njiani. Lakini mali kauli ya ovyo imevunja undugu mwingi, kwa hiyo ina utaratibu wake.

Chukua kijana wangu wa mayai. Alikuja na ndoo ya plastiki yenye mfuniko na nia peke yake. Trei moja ya mayai 30 nilikuwa nauza 9,000. Akichemsha anauza 500 kila yai, na kachumbari na chumvi, kwa hiyo trei inampa 15,000. Nikampa trei moja saa 10 jioni, pesa iwe dukani kesho yake kabla ya saa 6 mchana. Deni la siku moja, si la wiki. Bidhaa inayouzwa siku moja isikopeshwe wiki, kwa sababu siku sita zilizobaki pesa inatembea kwenye mambo mengine.

Kabla hajatoka tulipatana nani anabeba hasara ya yai. Tulisema hivi: lililopasuka ndani ya trei akaliona mbele yangu ni langu, nambadilishia. Likivuka kizingiti ni lake. Basi alikuwa akigeuza kila yai mbele ya taa ya duka, anagonganisha mawili mawili taratibu asikilize mlio. Yenye ufa hulia kama debe. Mimi niliyeuza mayai miaka yote ile sikuwa najua, yeye ndiye aliyenifundisha. Akiwa nyumbani anayachemsha na chumvi, akianza na maji ya baridi, ufa mdogo usifumuke.

Akilipa mara tatu bila kuchelewa anapanda hadi trei mbili. Mara tatu tena, trei tatu. Hapo nilisimamisha. Ukomo wa mali kauli usizidi kile anachoweza kulipa kwa faida ya wiki moja mambo yakiharibika. Siku moja yaliharibika kweli, ndoo ilianguka toka kwenye baiskeli pale barabara ya 13, mayai 40 chini. Alikuja mwenyewe na ndoo yake yenye maganda, hakuzima simu. Nilimgawia deni lile siku sita, na bado kila jioni nikampa trei moja ya kuuza. Ukimnyima mzigo mwenye deni, atalilipa na nini?

Anayezima simu ni habari nyingine. Huyo simfuati kwao wala simtangazi mtaani. Nafunga ukurasa wake, akirudi hata baada ya mwaka tunaanza na deni la zamani kwanza.

Kama huna duka bado unaweza. Mpeleke kwa mwenye duka unayemjua, umdhamini kwa trei moja, siyo kumi. Na uwe tayari kuilipa trei ile bila kelele.

Mikopo: ipi umkimbize, ipi umsindikize

Kausha damu unaijua. Anapewa 100,000 asubuhi, anarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu: 130,000. Aliyekopa anaona elfu 5 ni ndogo. Lakini binti wa vitumbua anayebaki na 7,200 kwa siku, akitoa 5,000, anaishi kwa 2,200, na siku ya mvua mtoza hela anamsubiri palepale. Siku ya kumi anaingia mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Huko sijaona aliyetoka salama.

Mikopo ya kwenye simu nayo hivyohivyo, na juu yake wakopeshaji wanachukua majina ya watu wako wote, ukichelewa wanaanza kuwatumia ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla kijana hajabonyeza "kubali", kaa naye muangalie orodha ya wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu. Dakika kumi tu hizo.

Mkopo wa kumsindikiza ni ule wa halmashauri. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha madudu, vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ukarudi 2024. Unapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na vijana huupata kwa vikundi. Hapo kwenye kikundi ndipo mtu mzima anahitajika. Vijana wakisikia mkopo wanakusanyana kama abiria wa basi, hakuna anayemjua mwenzake. Mimi nawaambia: kwanza muweke akiba pamoja miezi mitatu, hata elfu 2 kwa wiki. Atakayeshindwa kuleta elfu 2 mnamjua mapema, kabla hajashika fedha ya serikali kwa jina lenu. Katiba ya kikundi waandike wenyewe, kwa maneno yao, siyo ile ya kudurufu stesheneri yenye jina la kikundi kingine limesahaulika ukurasa wa tatu. Nimeiona hiyo kwa macho yangu.

Kabla ya yote hayo kuna kikoba. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa kila wiki, mfuko wa jamii wa misiba na maradhi, mwisho wa mzunguko mnagawana. Mfuko wa jamii vijana huudharau, lakini ndio unaozuia mtaji usiende hospitali. Mwingize kijana kwenye kikoba cha watu wazima walionyooka kama wanampokea. Atakuwa mdogo kuliko wote, atatumwa maji, lakini atajifunza kusikia watu wakitaja fedha hadharani bila kuona haya.

Karatasi

Sitakaa sana hapa. Anayeuza chakula apime afya na awe na cheti, bwana afya akipita awe na cha kumwonyesha. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kile kilichoanza Desemba 2018 kilikuwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kwa utaratibu wa sasa uliza serikali ya mtaa, na uulize wewe kabla hajatozwa na mtu wa njiani. TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato. Ukidaiwa hela ya TIN, umekutana na kishoka.

Lipo moja ambalo vijana hulikimbia bila sababu. Binti wa vitumbua kwa 22,000 kwa siku, siku 300, anauza milioni 6.6 kwa mwaka. Ameshavuka milioni 4, kwa hiyo kodi inamhusu. Kwa viwango nilivyokuta mimi, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu za mauzo alitozwa 100,000, na mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwake ni 78,000. Lile daftari la safu nne lilimwokolea 22,000, mauzo ya siku nzima. Viwango hupangwa kwenye bajeti ya kila Juni, hivyo nenda naye TRA mkaulize vya mwaka wenyewe. Nenda naye kweli. Kijana akiingia peke yake ofisi ya kodi anatetemeka, akiongozana na shangazi anakaa kwenye kiti.

Simu

Laini mbili. Moja ya biashara, moja ya kwake, na ya biashara iwe na lipa namba iliyobandikwa mbele ya meza. Pesa ya mauzo ikichanganyika na hela ya kutumiwa na dada wa Dar, daftari limekufa.

Mfundishe jambo hili kwa kumwigizia: mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, "nimeshatuma", na haraka nyingi. Ujumbe wa mteja si pesa. Pesa ni ile iliyoongezeka kwenye salio lako wewe. Kijana wangu wa mayai alipoteza mayai 12 na soda kwa ujumbe wa kutungwa. Na zile jumbe za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", bado zinawapata watu, hasa siku anazosubiri kweli kumlipa mtu.

Ndugu na bei ya undugu

Adui mkubwa wa biashara ya elfu 30 mara nyingi anaitwa mjomba, shoga, jirani. Anakuja saa 1 asubuhi, "nifungie vitano, nitakupa jioni." Kijana wa kwetu hawezi kumwambia mkubwa wake "hapana". Kumlea ni kumlea, na sitaki aanze kuwajibu watu wazima. Kwa hiyo "hapana" hiyo iseme wewe. Nilimwambia binti, yeyote akiomba mkopo ajibu: "Bi mkubwa ndiye mwenye mtaji, daftari liko kwake." Ni uongo mdogo, na nimeubeba mimi. Wawili walikuja dukani kunilalamikia. Niliwapa viti, nikawapa na maji, tukazungumza mengine.

Na wewe unayesaidia usiombe bei ya undugu. Ukifanya hitima nyumbani, agiza vitumbua kwake kwa bei ya watu wote, ulipe nusu siku unayoagiza. Kama anayo kawaida ya kuongeza viwili juu ya mia, atakuongezea mwenyewe.

Ramadhani mkae mapema kupanga, hapa Tanga mwezi ule unageuza kila kitu. Wateja wa alfajiri hupotea wote, na kuanzia saa 10 jioni watu wanapigana vikumbo kwa vitumbua na kaimati. Binti alihamisha saa zake zote, akanunua nazi za Pangani kwa mafungu pamoja na mwenzake kabla bei haijapaa. Halafu Shawwal ikaja, mfukoni kuna hela ya mwezi wa neema, na ndipo alipotaka kununua friji. Nilimwomba asubiri hadi mwezi wa pili baada ya Idi. Hakusubiri. Friji lipo, linatunza maji ya baridi ya familia. Simlaumu, ni fedha yake.

Ikibidi kufunga

Hili watu hawalisemi, kama vile kulitaja ni kuliita. Kulikuwa na kijana akitandaza chaja, spika ndogo na kava za simu juu ya turubai. Miezi saba. Daftari lake lilikuwa safi kabisa, na ndilo lililotuambia: wiki tisa mfululizo safu ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ya pili. Watatu wenye kazi hiyohiyo walikuwa wamekuja kukaa karibu naye, wote wananunua kwa mtu mmoja, wote wanashushiana bei.

Tulifunga hivi. Kwanza tuliandika wanaomdai, wakubwa kwa wadogo, akaenda kwa kila mmoja na miguu yake kusema lini atalipa. Kava za simu za zamani tuliziuza kwa fungu kwa mwenye meza ya Mgandini, kwa hasara, kwa sababu kava ya simu iliyopitwa na wakati kila mwezi inazidi kuwa takataka. Spika na chaja zilirudi kwa aliyemletea kwa mali kauli, zikiwa na maboksi yake. Nilikuwa nimemwambia tangu mwanzo asitupe boksi hata moja. Turubai na beseni alimwachia mdogo wake.

Madeni yalipokwisha alibaki na shilingi 46,000 na daftari lenye kurasa 31 zilizoandikwa. Aliniuliza kama anaweza kukaa dukani kwangu wiki mbili bila mshahara, aangalie kitu gani kinatoka haraka. Anakuja saa 1 asubuhi na kopo lake la maharage.